Foleni ya Machimboni

Wairimu alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, kuniambia kwamba mama yake amefariki hospitalini. Tulilia kidogo, kila mmoja upande wake wa simu, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba wakati wa kumwosha na kumvisha, yeye na shangazi yake walishindwa kuunyoosha mkono wa kushoto wa marehemu uingie kwenye gauni, kwa sababu mfupa ulikuwa umeunga vibaya, juu kidogo ya kifundo. "Maisha yangu yote aliniambia alianguka kwenye mawe," alisema. "Lakini shangazi anasema wewe ndiye unajua. Alianguka, Auntie?" Nikamwambia hapana, hakuanguka. Nikaahidi kumweleza baada ya mazishi. Sasa mazishi yamepita, na nimeona afadhali niandike, maana najua nikisimulia kwa mdomo nitaruka sehemu moja, ile ambayo nimeiruka kila mara nilipoulizwa habari za mwaka ule.

Ilikuwa kuelekea mwisho wa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya uchumi, viatu jozi mbili na chumba kimoja jijini, mtaa wa Kaloleni. Nyumba ilikuwa ya mfanyakazi wa reli. Mkewe, Mama Akoth, alikuwa amemshawishi agawanye sebule kwa mbao ili wapate mpangaji, na mpangaji huyo nikawa mimi. Zile mbao hazikuzuia kitu. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria, nilisikia mzee akivua buti na kushusha pumzi, nilisikia wakibishana kuhusu ndugu gani atumiwe nauli na yupi aambiwe hakuna. Wao nao walinisikia nikisoma kwa sauti, tabia niliyotoka nayo shuleni. Jioni moja nilimsikia mzee akimuuliza mkewe, "Huyu msichana anasoma nini usiku na mchana, na kazi ameshapata?" Mama Akoth akajibu, "Anasoma bei za vitu." Mzee akacheka. "Si angeenda sokoni tu?" Nyuma ya nyumba kulikuwa na mfereji wa maji ya bomba, wa familia nne. Ulifungua, ukajaza ndoo, ukafunga. Niliishi pale miezi mitatu bila kuufikiria mfereji ule hata mara moja.

Ofisi iliyoniajiri ilishughulika na mipango ya mitaa ya mashariki ya jiji, na mkubwa wangu alikuwa Bwana Kisilu, mtu mrefu mwenye suti ya kahawia aliyekuwa akiongea polepole kana kwamba kila neno analiazima. Sitaki asomeke hapa kama mtu mbaya. Alikuwa amegundua jambo linaloudhi kweli: kwamba watu wa vijiji vya mabanda, ambao hawana mifereji, hununua maji kwa debe, na debe moja linawagharimu mara nyingi zaidi ya linavyomgharimu mtu mwenye bafu na bustani. Aliponieleza, alipiga meza kwa kiganja. "Esta, masikini anamlipia tajiri. Nenda ukaniambie kwa nini." Akanituma Machimboni, kijiji kilichokuwa kimeota kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, upande wa mtaa wa Mowlem. Mabanda yalishuka kwa ngazi mpaka chini kabisa, na juu, kando ya barabara, kulikuwa na vibanda vitatu vya maji vilivyounganishwa na bomba kuu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kibanda kimojawapo na saa ya mkononi na daftari, niandike nani amenunua, amengoja muda gani, na angefanya nini kama bei ingepanda au kushuka.

Kibanda nilichokaa kilikuwa cha Mama Wairimu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupitia mabati, na Wairimu wakati huo alikuwa mtoto wa mgongoni. Siku ya kwanza alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani, akanisogezea kreti ya soda nikalie, akasema, "Kasichana ka ofisi, kaa hapa, lakini ukiandika jina langu kwa hiyo kitabu nitakumwagia maji." Kabla saa moja haijapita niliona damu. Wanawake wawili walikuwa wamekuja na madebe, kila mmoja akadai alitangulia, na yule mkubwa akamgonga mwenzake mdomoni kwa ukingo wa debe, pale kwenye bati lililokatwa. Jino lilianguka kwenye matope. Mama Wairimu aliruka dirisha la kibanda, na mtoto mgongoni, akawatenganisha kwa viwiko, akamrudisha yule mpigaji mwisho wa foleni na kumjazia yule aliyepigwa bure. Halafu akarudi, akanifunulia sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akakata parachichi juu yake kwa kisu kilekile cha kukatia mpira wa maji. "Kula," alisema. "Hii ni kawaida ya saa moja asubuhi. Ngoja saa nne utaona."

Saa nne hakukuwa na mtu wa kugombana, na ndilo alilotaka nione. Alikuwa akiuza kwa bei mbili. Asubuhi na jioni, wakati kila mtu anataka maji, bei ilikuwa juu. Katikati ya mchana ilishuka. Mwenye haraka ya kwenda kazini alilipa zaidi, na mama aliyeshinda nyumbani alikuja saa nne kwa bei ndogo. Nilipomwuliza nani alimfundisha, hakuelewa swali. "Si ni macho tu? Bomba ni moja. Wote wakija pamoja watauana." Chuoni nilikuwa nimefundishwa kuchora mistari miwili, mmoja wa wauzaji unaopanda, mwingine wa wanunuzi unaoshuka, na pale inapokutana ndipo ilipo bei. Ukiilazimisha bei ikae chini ya hapo, walimu walisema, kutakuwa na upungufu. Walisema upungufu kama mtu anavyosema leo kuna mawingu. Nilipata alama nzuri sana katika somo hilo. Nilikaa kwenye kreti ile wiki nyingi, nikala githeri, nikala viazi vya kupondwa na mahindi, nikanywa chai ya kikombe cha bati kilichonichoma midomo, na bado nilimwona Mama Wairimu kama mtu anayewanyonya wenzake, kwa sababu takwimu zangu zilionyesha anatoza mara kadhaa ya gharama ya maji yenyewe.

Kijana mmoja alikuwa akija kila siku. Walimwita Tosha. Alikuwa amepasua mawe machimboni mpaka kampuni ilipohama na kuwaacha na mashimo, na sasa alikuwa akipata riziki kwa kusimama foleni. Watu wenye haraka walimpa kitu kidogo, yeye akawashikia nafasi. Alikuwa na mabega ya mpasua mawe na adabu ya ajabu kwangu. "Sasa siste," alikuwa akiniambia, "leo umeandika wangapi?" Nilimuuliza maswali yangu kama nilivyomuuliza kila mtu, na nilipofika kwenye swali la anauza nini, akajibu upesi kabisa, "Mimi siuzangi maji, siste. Maji ni ya mathe. Mimi nauza taim." Mathe alikuwa Mama Wairimu, na taim ni muda; niliandika jibu lile neno kwa neno. Lilikuwa jibu bora kuliko yote niliyokusanya, na sikuliweka kwenye ripoti kwa sababu halikuwa na mahali pa kukaa kwenye jedwali.

Ripoti yangu ilitoa mapendekezo mawili. Moja, mabomba yaongezwe, vibanda viwe vingi, ili wauzaji washindane. Pili, wakati hayo yakisubiriwa, bei ya debe iwekewe kikomo, nusu ya ile aliyotoza Mama Wairimu asubuhi. Nilipokuwa nakamilisha nilimsomea sehemu hiyo ya pili, nikitumaini, nadhani, kumwona akiona haya. Hakuona haya. Alikuwa anaosha debe, akaliweka chini. "Na maji yataongezeka?" Nikasema yataongezeka baadaye. "Kwanza unashusha bei, halafu baadaye ndiyo maji?" Nikasema ndiyo. Alifuta mikono kwenye leso aliyojifunga. "Sikiza Esta. Saa hii mtu akikosa pesa anakuja saa nne. Ukiandika bei moja ya chini, wote watakuja alfajiri, na watarudi tena na watoto wao na madebe ya majirani. Foleni itafika huko chini. Na foleni ndefu hivyo haikai bila mwenyewe. Itapata mwenyewe, na hatakuwa mimi." Nilimwona mfanyabiashara anayetetea faida yake. Tena nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenilazimisha: usiku ule niligeuza mapendekezo, la bei nikaliweka la kwanza, kwa sababu halikuhitaji bajeti, na nilitaka ripoti yangu ya kwanza itekelezwe.

Ilitekelezwa haraka. Askari wa ofisi walikuja na rangi nyeupe, wakaandika bei kwenye ukuta wa kila kibanda kwa tarakimu za urefu wa mkono. Bwana Kisilu alisimama juu ya gari akasoma amri, na watu wakashangilia mpaka mwangwi ukarudi kutoka mashimoni. Mwenye kibanda cha tatu, mzee mmoja aliyekuwa na mkopo wa mabomba yake, alisema hawezi kuuza kwa bei ile, atafunga. Askari wawili walimtoa kwa kumburuta, wakavunja dirisha na rafu, na mmoja akamkanyaga mkono alipojaribu kushika mpira wake wa maji. Watu wakashangilia na hilo pia. Nilikuwa nimesimama karibu na gari, na nilipiga makofi. Nayaandika haya kwa sababu Wairimu anastahili kujua kwamba sikuanza kukosea siku ile ya mwisho. Nilianza nikiwa nimevaa sketi safi, naona fahari.

Baada ya wiki mbili mzee wa kibanda cha tatu alikuwa ameondoka Machimboni, na cha pili kilifungwa na kufuli. Kilibaki cha Mama Wairimu, na mbele yake foleni iliyoshuka njia yote ya machimbo. Nilirudi kupima mafanikio. Nilikuta madebe yamepangwa tangu alfajiri, mengine yakiwa na mawe ndani yasipeperushwe na upepo, na kando yake vijana sita waliokuwa na mitaimbo, zile fimbo za chuma za kuchimbulia mawe. Tosha alikuwa mmoja wao, katikati. Hakuwa tena anashika nafasi moja moja. Nafasi zote zilikuwa zake. Ukitaka debe lako liwe miongoni mwa madebe ishirini ya mwanzo, ulimlipa yeye kwanza, ndipo ulipe bei ya ukutani kwa Mama Wairimu. Ukijumlisha, mtu alikuwa analipa zaidi ya alivyolipa kabla sijafika. Asiyelipa alingoja mpaka maji yakatike usiku. Anayelalamika alipigwa. Nilimwona mwanamke aitwaye Nduku, mjamzito, akilisogeza debe lake mbele ya mstari na kusema watoto hawajanywa tangu jana. Kijana mmoja alilipiga debe kwa mtaimbo likajikunja, kisha akampiga yeye nyuma ya magoti, akaanguka kwa tumbo. Nilikuwa na saa mkononi. Nilikuwa ninapima muda wake wa kungoja, na niliposikia kilio chake niligundua nilikuwa nimeandika dakika.

Siku hizi nikichora mistari ile ubaoni mbele ya wanafunzi wa mipango ya miji, huweka kidole kwenye pengo kati ya bei iliyoamriwa na ile ambayo mtu yuko tayari kulipa, nikawauliza, tofauti hii inakwenda kwa nani? Hujibu kwamba inapotea. Kitabu nacho kinasema inapotea. Haipotei. Thamani ile ambayo sisi ofisini tuliiacha chini tukadhani tumewapa masikini, iliokotwa na waliokuwa na nguvu ya kuiokota, na nguvu ile ilikuwa na chuma mkononi. Wanafunzi huandika. Sijui huwa wanaandika nini.

Nilimwendea Bwana Kisilu nikamweleza kuhusu Nduku, ambaye alikuwa amepoteza mimba. Alivua miwani. Alihuzunika kweli, niliona. Halafu akauliza, "Lakini kibandani anatozwa kiasi gani?" Nikamwambia kile cha ukutani. "Basi bei inafuatwa." Nikasema bei inafuatwa lakini watu wanaumizwa. "Huo ni uhalifu, Esta. Uhalifu ni kazi ya polisi. Sisi kazi yetu ilikuwa bei." Nikamwomba aifute amri mpaka mabomba mapya yafike. Akasema wageni wa ngazi za juu wanakuja kuona mradi mwezi ujao, na hawezi kuwaonyesha ukuta uliofutwa. Nilipokuwa natoka akaongeza kwa upole, "Unajua ni wewe uliyeiweka ya kwanza."

Aliyeufuta ukuta ni Mama Wairimu. Ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda, nami nilikuwa nimekwenda bila kutumwa, daftari likiwa mkononi kwa mazoea tu. Nilimkuta anasugua tarakimu nyeupe kwa mchanga na gunia, mtoto akiwa ameachwa kwa jirani. Alipomaliza akasimama juu ya kreti niliyozoea kukalia, akapaza ile sauti yake. Alisema kuanzia leo bei ni zile za zamani mbili, asubuhi juu, saa nne chini. Asiye na pesa aende nyumbani arudi saa nne atapata. Na hakuna mtu atakayenunua nafasi kwa mtu. "Kama ofisi inataka kunifunga, inifunge mimi. Nyinyi tekeni maji." Watu walicheka, na nikaona foleni inaanza kulegea. Waliokuwa nyuma kabisa walibeba madebe yao wakaanza kushuka nyumbani kungoja saa nne. Ilichukua dakika chache tu. Foleni iliyokuwa na mwenyewe ilikuwa inayeyuka mbele ya macho yake.

Tosha aliliona hilo kabla yangu. Alimwendea taratibu. "Mathe, rudisha ile bei," alisema. "Tafadhali. Watu wangu watakula nini?" Mama Wairimu akamwambia aende akajaze madebe, atampa kazi. Sidhani alikusudia kumdharau, lakini vijana wengine walicheka, na kicheko kile kilimfikia Tosha vibaya. Aliinua mtaimbo. Mama Wairimu alikinga kichwa kwa mkono wa kushoto, na nilisikia mfupa. Wengine hufananisha sauti ile na kijiti kikavu. Haifanani na kitu. Alianguka kutoka kwenye kreti, akajaribu kuinuka akiegemea mkono uleule uliovunjika, akaanguka tena, na Tosha akampiga mara ya pili mgongoni, na ya tatu.

Wanawake ndio walioanza. Nduku alikuwa wa kwanza. Alimpiga Tosha usoni kwa debe tupu. Wale vijana watano walikimbia walipoona madebe yote yanainuliwa. Tosha alikimbia upande usiofaa, kuelekea ukingo wa machimbo, na ukingo ule ulijaa mawe, mawe aliyoyapasua yeye na wenzake. Ningependa kuandika kwamba sikumbuki jinsi nilivyoliokota langu. Nakumbuka. Lilikuwa na ukubwa wa nusu mkate, lina pembe moja kali. Nilikuwa nimeshika kalamu, kwa hiyo niliitia kalamu mfukoni kwanza, nikaifunga na kifuniko, ndipo nikaokota. Nililirusha kwa nguvu zangu zote, likampata katikati ya mabega. Aligeuka kutazama limetoka wapi, akaniona. Akasema, "Siste?" Kama mtu aliyeitwa na anayemjua. Kwa sababu alisimama kugeuka, wengine walimfikia. Sikurusha la pili. Halikuhitajika. Walimpiga muda mrefu baada ya kuwa hakuna tena wa kupigwa, na mwanamke mmoja aliendelea kushusha debe lake juu yake huku analia na kuita jina la mtoto wake mwenyewe. Kisha kitu pekee kilichosikika ni maji ya Mama Wairimu yaliyokuwa yanamwagika kutoka kwenye mpira ambao hakuna aliyeufunga.

Nilitembea kwa miguu mpaka Kaloleni. Mama Akoth alikuwa amepika samaki wa kukaanga na ugali, na akaniita nile nao. Nilikula kama mtu aliyetoka kulima. Nilimaliza samaki mzima, nikaongezewa ugali, nikala na mchuzi uliobaki kwenye sufuria. Nilipoingia chumbani nikaona matone makavu kwenye soksi zangu, nikazivua nikazisukuma chini ya kitanda. Upande wa pili wa mbao nilimsikia mzee akiuliza, kwa sauti ya chini ambayo mbao zile hazikuweza kuizuia, "Amesema nini?" "Hajasema neno." "Na damu ile?" Nilimsikia Mama Akoth akifunika sufuria. "Amekula," akasema. "Mwache. Kama amekula, kesho atasema." Sikusema kesho yake, wala mwaka uliofuata.

Polisi waliwachukua wanawake tisa, wakiwemo Nduku na Mama Wairimu, yeye kwa kuwa kibanda kilikuwa chake na ukuta aliufuta. Mkono ulifungwa kwa leso na kipande cha ubao wa kreti, akakaa rumande majuma matatu. Ndivyo ulivyounga vibaya, Wairimu, si mawe. Jumatatu Bwana Kisilu aliniwekea mezani taarifa iliyochapwa vizuri. Ilisema kwamba mradi wa maji nafuu ulikuwa ukiendelea kwa mafanikio mpaka muuza maji mmoja alipokiuka bei kwa tamaa na kuchochea ghasia. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Nilimwambia siwezi. Nikaandika yangu, na mara hii jibu la Tosha kuhusu kuuza taim nililiweka ukurasa wa kwanza, na gharama ya debe nikaijumlisha pamoja na saa za kungoja, na mimba ya Nduku, na mfupa. Aliisoma yote akiwa amesimama. Akaniambia nimebakiza mwezi mmoja ofisini. Nilitoa ushahidi mahakamani pia, nikaeleza vipigo vya foleni, na wanawake saba wakaachiliwa, Mama Wairimu miongoni mwao. Wawili walifungwa. Niliapa kwa Biblia kusema ukweli wote, na jiwe langu sikulitaja. Mama Wairimu alikuwa ameketi mbele yangu. Siku ile alikuwa ameniona nikilirusha, akiwa amelala chini, uso wake umeelekea kwangu. Hakuniuliza kamwe. Nilipomtembelea baadaye alinipa githeri kwa mkono wa kulia, na ule mwingine akauficha ndani ya leso. Mabomba manne yaliongezwa Machimboni mwaka uliofuata, na bei ikashuka yenyewe chini ya ile tuliyoiandika, bila askari.

Mama yake Tosha alikuja ofisini kabla mwezi wangu haujaisha. Ilikuwa mchana, makarani wengine wamekwenda kula. Alikuwa amevaa sare ya umoja wa akina mama wa kanisa, imepigwa pasi, na viatu vya vumbi la safari. Aliuliza mlangoni ni nani anashughulika na maji ya Machimboni, akaelekezwa kwangu. Aliniambia kijana wake alikuwa akiitwa Zakaria. Mwili ulikuwa bado mochari. "Mchungaji wetu amekataa kumzika," alisema. "Anasema amesikia alikuwa mwizi, aliuawa na wananchi. Zakaria aliniandikia kwamba anafanya kazi ya maji. Alinitumia mpaka blanketi. Naomba barua, mama, inayosema alikuwa mtu wa kazi." Alikuwa akiniita mama, yeye mwenye umri wa kunizaa.

Nilichukua karatasi yenye nembo ya ofisi nikachapa mwenyewe. Niliandika kwamba Zakaria alifanya kazi ya kupanga foleni ya maji Machimboni, kwamba aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote, na kwamba alipoteza maisha akiwa kazini. Nikapiga muhuri, nikatia sahihi, nikampa. Hakujua kusoma vizuri. Aliniomba nimsomee, nikamsomea mara mbili. Aliikunja barua mara nne, akaishika tu bila kuitia mfukoni.

"Na wewe ulikuwa hapo siku ile?" akauliza.

"Nilikuwa hapo."

"Uliona waliompiga?"

Ningeweza kusema niliona, na ungekuwa ukweli. "Nilimpiga, mama," nikamwambia. "Jiwe moja. Mgongoni."

Hakulia. Alinitazama mikono, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayetafuta ni upi. Nje kengele ya baiskeli ililia na mtu akamwita mwenzake wakale. Nilingoja anipige, na nadhani ningeshukuru. Badala yake alikunjua ile barua, akainyoosha mezani kwa kiganja, akaigeuza inielekee.

"Hapa chini umekoroga tu," alisema, akigusa sahihi yangu. "Mchungaji atauliza ni nani huyu. Andika jina lako lote. Lisomeke."

Nikachukua kalamu nikaandika majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa, na yeye akasimama juu yangu akizifuata kwa kidole, herufi moja moja, mpaka nilipomaliza.